Wauguzi wapya: sindano na zamu za usiku

Wadau wa Dodoma, wauguzi wapya wodini wakichomwa kwa bahati mbaya na sindano iliyotumika wananyamaza, wanaogopa kufokewa. Tuwasaidieje?

Jibu: Aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue. Aripoti zamu hiyohiyo, maana dawa kinga ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72, ikiwahi zaidi ndiyo bora, na humezwa siku 28. Wengi huchomwa wakifunika sindano tena. Itupwe bila kufunikwa. Boksi la kutupia sindano likijaa robo tatu, libadilishwe.

Jibu: Naunga mkono. Na msimamizi asimfokee kabisa, atawanyamazisha wote! Chanjo ya homa ya ini B nayo wakamilishe.

Jibu: Uchovu pia huchomesha. Baada ya zamu ya usiku alale kwanza. Jua la hapa ni kali, aweke pazia zito.