Tupeane uzoefu: kurusha gemu laivu kwa picha kali kutoka kompyuta ya nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanga, Kigoma. Kila Jumamosi usiku narusha gemu la mpira laivu, na kwa miezi mitatu watazamaji walikuwa wananiandikia neno moja tu: "imeganda". Nilishaanza kutafuta mteja wa kompyuta. Naanza na yangu, nanyi mwage yenu.

Kilichonisaidia ni dirisha la takwimu ndani ya OBS, programu ninayorushia laivu, ambalo sikuwahi kulifungua. Lina mistari mitatu ya kuangalia: fremu (picha mojamoja zinazounda video) zilizopotea kwenye mtandao, fremu zilizorukwa kwa sababu kompyuta imechelewa kubana video (kuipunguza ukubwa ili irushwe), na zilizokosekana kwa sababu kadi ya grafiksi imelemewa. Kwangu wa mtandao ulisoma sifuri, yaani bando nililaumu bure! Uliokuwa unapanda ni ule wa kubana video, hasa kamera inapozunguka uwanja mzima. Prosesa ilikuwa inaendesha gemu na hapohapo inabana video kwa x264, njia inayotumia nguvu ya prosesa yenyewe. Nikahamishia kazi hiyo kwenye NVENC, sehemu ya kadi ya Nvidia iliyotengenezwa kwa ajili ya video. Mstari ukatulia usiku uleule, na sikununua hata waya. Wenye AMD na Intel, nazo zina sehemu ya namna hiyo. Mstari wa kadi ya grafiksi ukipanda, wekea gemu kikomo cha fremu 60 kwa sekunde ili kadi ipate nafasi ya kupumua.

Ng'ambo, Tabora:
Mkuu, yangu ilikuwa joto. Dakika 20 za mwanzo gemu linateleza vizuri, halafu linaanza kusuasua. Nikapima, prosesa nyuzi 97. Ikifika huko inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kufungua, nikakuta vumbi la kiangazi limejisokota kwenye feni kama pamba ya mto, na ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza imekauka, inabanduka vipandevipande. Nilisafisha kwa brashi ya rangi, huku nimezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, nikapaka dawa mpya kiasi cha punje ya choroko. Sasa haivuki 78. Msipulize kwa mdomo, mate yanaingia kwenye bodi.

Ujiji:
Mimi tatizo lilikuwa mtandao kweli. Ruta ipo sebuleni kwa mama, kompyuta ipo chumba cha uani, katikati kuta mbili za tofali za kuchoma. Waifai ya 5 GHz ina kasi lakini ukuta unaimaliza, na ya 2.4 inafika ikiwa imechoka. Nikapitisha waya wa mtandao wa Cat5e juu ya dari, mita 15. Kukatika kukaisha, lakini picha bado haikuwa safi. Twitch, mtandao ninaorushia, wanashauri kilobiti 6000 kwa sekunde kwa picha ya 1080 (pikseli 1080 kwenda juu) ya fremu 60, na kasi yangu ya kupakia haikufika 5000. Nikashusha kinachorushwa hadi 720 fremu 30, kilobiti 3000. Mezani bado nacheza kwa 1080. Wengi wananitazama kwa simu na hakuna aliyelalamika. Na bando limepumua, maana kilobiti 6000 ni GB 2.7 kwa saa, na 3000 ni nusu yake.

Isevya, Tabora:
Angalieni na waya wa skrini. Wangu fundi aliuchomeka HDMI kwenye tundu la bodi kuu badala ya kwenye kadi ya grafiksi. Miezi sita kadi imekaa bila kazi.

Mwanzisha mada:
Mnaoniuliza kuhusu kurusha picha ya 4K: ina pikseli mara nne ya 1080, kwa hiyo mzigo unaongezeka kwenye kadi, kwenye kubana na kwenye bando kwa pamoja. Kwa intaneti zetu za huku mimi siishauri. Wa Isevya, asante sana. Nimempigia mdogo wangu Kasulu aangalie nyuma ya mashine yake, maana analalamika tangu mwezi uliopita. Waya upo kwenye bodi.