Tupeane uzoefu: Umewahi kuanza kutunza mazingira hapo unapoishi, ukaishia wapi?

Kikapu cha Ukili:
Wakuu, jana napanga kabati la marehemu mama nikakuta rambo la bluu limekunjwa pembetatu, kama alivyokuwa akiyakunja yote. Nikakumbuka tarehe 1 Juni 2019, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza. Natoka Kariakoo, nyanya nimezifunga kwenye khanga ya mke wangu, konda ananiuliza, "Baba, mtoto anapumua humo?" Faini ya kuanzia elfu thelathini ukikutwa nao, nani angethubutu. Tangu siku hiyo kikapu hakinitoki mkononi, na ndicho kilichonivuta kwenye mengine: kuacha kuchoma taka uwani, kuweka ndoo ya maganda. Mengine yamenishinda. Tupeane uzoefu, hasa sisi wa nyumba za kupanga. Wenye bustani Masaki mtusubiri kwanza.

Mama Tunu:
Khanga nimecheka mpaka basi. Mimi nauza mboga, wiki ile nilifungia watu mchicha kwenye magazeti. Mteja mmoja alirudi kuniambia bamia zake zimechapwa habari za michezo.

Wa Bondeni:
Sisi wa Kigogo hapa Dar hatukufundishwa na mtu, tulifundishwa na maji. Mafuriko ya Desemba 2011 nilitoa godoro kwa dirisha. Sasa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunazibua mtaro, tunatoa chupa, nepi, viatu vya mguu mmoja (huwa najiuliza wa pili uko wapi). Tatizo tope tunaliacha pembeni, mvua ikija inalirudisha mulemule. Nimesema kwenye vikao mpaka nimeitwa mkorofi.

Chumba Namba Tano:
Hiyo ndoo ya maganda imenitonesha kidonda. Mwaka 2021 nilikuwa Mwananyamala, nyumba ya vyumba nane, choo kimoja. Nikasikia kwamba taka za jikoni ukizifukia zinakuwa mboji. Mchana niko kazini, na nilikuwa naona aibu, mwanaume mzima kuonekana nachimbia maganda. Basi nikawa natoka saa tano usiku. Simu mdomoni inamulika, jembe la mkono, ndoo. Nafukia nyuma ya choo, nakanyaga, nachomeka kijiti ili kesho nisirudie palepale. Mnaona ninapoelekea.

Wiki ya tatu mtoto wa chumba cha pili akashikwa na homa. Kesho yake kuku wawili wa jirani wakafa. Usiku ule natoka na ndoo yangu nakuta watu sita wamekaa gizani barazani, kimya. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Baba, leo utatuonyesha unachokizika." Mjumbe ameshaitwa, kaja na msuli na fulana. Nikaamriwa nifukue mwenyewe, kwa mikono, wao hawagusi.

Nafukua. Maganda ya ndizi, kimya. Maganda ya viazi, kimya. Kisha yakaanza kutoka maganda ya mayai, maana mimi chipsi mayai najipikia mwenyewe, na yalikuwa hayahesabiki. Nikasikia mtu nyuma yangu, "La haula!" Halafu viumbe virefu vyekundu vinajinyonganyonga kwenye mwanga wa tochi. Mjumbe mwenyewe akarudi nyuma.

Nikajieleza: mbolea, mazingira, taka kupungua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimekubuhu. Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa Kizaramo wa chumba cha uani. Alikuja na fimbo yake, akachota udongo, akaunusa, akasema, "Mchawi gani anafuga nyungunyungu?" Watu wakaanza kuondoka mmojammoja bila kuniangalia. Mjumbe kabla hajaenda aliandika kwenye daftari lake, nililiona kwa macho yangu: amekutwa na takataka. Nikatozwa kreti moja ya soda. Kodi ilipoisha nikahama.

Fundi Bomba:
"Amekutwa na takataka" 😂😂 naomba iandikwe kwenye kitambulisho chako.

Wa Bondeni:
Mtoto alipona?

Chumba Namba Tano:
Alipona, ilikuwa malaria. Kuku ndio sijui.

Dereva wa Guta:
Kuku ni kideri hicho, hawakuchanjwa.

Kikapu cha Ukili:
Turudi kwenye mada basi. Mimi nilitenga taka miezi minne, viroba vitatu. Gari likaja, vijana wakavirusha vyote pamoja, wakapanda juu wakakanyaga. Zote safari moja, dampo la Pugu Kinyamwezi.

Dereva wa Guta:
Chupa usilipatie gari la taka, kaka. Mwite muokota makopo, zile anauza kwa kilo, na yeye haachi hata kizibo.

Mama Tunu:
Mimi hatua yangu ni gesi. Mkaa nimeacha kabisa.

Fundi Bomba:
Maharage kwenye mtungi wa kilo 6? Dada una hela. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya kaya zipikie nishati safi. Mimi nihesabuni kwenye ile 20, na sufuria yangu ya makande.

Mama Tunu:
Loweka usiku kucha, kaka yangu. Shida yenu wanaume mnakumbuka maharage saa kumi na moja jioni.

Fundi Bomba:
Mkaa nanunua kopo la leo. Gesi nitamwambia muuzaji anipimie ya kopo?

Wa Bondeni:
Ipo ya mita siku hizi, unalipia kwa simu kidogo kidogo. Na maharage weka magadi.

Mama Tunu:
Magadi yanaharibu ladha, asikudanganye.

Wa Bondeni:
Yanaharibu kwa asiyejua kipimo.

Mpita Njia:
Kwenye ndoo ya mboji mwagia majivu, harufu inakata.

Kikapu cha Ukili:
Nilimwaga majivu mengi, ikakata harufu na miche yangu ya nyanya pia. Weka majani makavu, na toboa ndoo chini. Na fukia mchana, jamani.

Chumba Namba Tano:
Nilisahau. Mwaka jana nilipita pale. Nyuma ya choo umeota mpapai, umebeba mpaka unaegemea ukuta. Wapangaji hawagusi hata moja. Bibi ndiye anayachuma, anayapanga kwenye sinia getini, anawauzia wapita njia.

Mama Tunu:
Getini pana mwarobaini mkubwa?

Chumba Namba Tano:
Ndiyo.

Mama Tunu:
Mbona mimi ndiye nayanunua kwake kwa jumla.

Fundi Bomba:
Dada, una kuku?