Naomba ushauri: mdogo wangu moyo umetanuka baada ya kujifungua

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Mdogo wangu alijifungua salama, mwezi uliofuata akaanza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, tukajua ni uchovu wa kukesha na mtoto, ila ikafika mahali hawezi kulala chali, anarundika mito na bado usiku anaamka anahema anafungua dirisha. Kupimwa eko (ultrasound ya moyo), misuli ya moyo imelegea, EF, yaani asilimia ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kila pigo, ni 30% wakati kawaida ni kuanzia 55 hivi, daktari akasema ni ule ugonjwa wa moyo unaowapata wamama mwishoni mwa mimba au miezi 5 ya mwanzo baada ya kujifungua. Kapewa dawa za kupunguza maji mwilini na za kusaidia moyo (furosemide, carvedilol, enalapril na spironolactone), chumvi tumepunguza, kila asubuhi anapima uzito. Sasa uvimbe umeisha, anafua, anapika, na hapo ndo shida inapoanzia, anataka kuacha dawa maana anajiona mzima, na mumewe kashaanza kuulizia mtoto wa pili. Kliniki ni mwezi ujao, mimi roho haitulii kabisa.

Waliopitia hili na madaktari humu, kuna aliyeachishwa dawa, na ilikuwa baada ya eko kurudi kawaida kwa muda gani? Na kwa sasa atumie uzazi wa mpango upi, maana vile vidonge vyenye homoni ya estrojeni naambiwa vinaongeza hatari ya damu kuganda?