Ushauri wenu: majeshi yana pointi sawa, lakini upande mmoja unashinda kila wiki (Tanga)

Mwana_Chumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini. Tuko wanne, kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana kucheza vita vya mezani: sanamu ndogo za askari, meza, futi kamba na dadu. Sanamu tunafinyanga wenyewe kwa udongo na waya, maana za kuagiza nje hatuzimudu. Kanuni nazo tumeziandika wenyewe.

Kila mmoja anapewa pointi 500 apange jeshi lake. Askari wa kawaida ni pointi 10. Komando ni 20, kwa sababu anapiga mara mbili na ana uhai mara mbili. Bombomu, yaani bunduki ya rashasha na mpigaji wake, ni 60. Mpwa wangu huchukua makomando 25 watupu, na wiki sita mfululizo hajafungwa. Wenzangu wameanza kukata tamaa, mmoja Jumamosi iliyopita hakuja. Pointi ni zilezile 500, sasa kosa liko wapi?

La pili: Novemba tunataka kucheza Vita vya Tanga vya 1914. Waingereza walikuja na watu kama 8,000, Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000. Hapo pointi zinapangwaje?

Pwani_Tupu:
Weka sheria, makomando mwisho watano. Kwisha.

Mwana_Chumbageni:
Ahsante mkuu, ila kukataza sipendi. Kijana amefikiria, hajaiba. Nataka bei iwe ya haki.

Fundi_Makorora:
Ndugu, chukua karatasi tuhesabu. Askari wa kawaida anapiga 1, uhai wake 2. Komando anapiga 2, uhai 4. Pande zote zinapiga kwa pamoja kila zamu.

Mweke komando uwanjani, akabiliane na wawili. Zamu ya kwanza anaua mmoja, anapoteza uhai 2. Zamu ya pili anaua wa pili, anapoteza 1. Amebaki hai. Sasa waongeze wawe watatu: zamu ya kwanza anapoteza 3, ya pili anakufa, na adui mmoja bado amesimama. Kwa hiyo uwanjani komando anazidi askari wawili kidogo, watatu hawawezi. Bei yako ya 20 haiko mbali.

Mpeleke kwenye daraja jembamba wanapopita mmoja mmoja. Kila zamu anaua mmoja na kupoteza uhai 1 tu. Ataua wanne ndipo afe. Pale thamani yake ni 40! Mtu yuleyule, silaha ileile. Mwingereza mmoja, Frederick Lanchester, aliyaandika mahesabu haya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: wote wakiweza kupigana kwa wakati mmoja, wingi wa watu unahesabiwa kwa kipeo cha pili; wakibanwa wapigane mmoja kwa mmoja, wingi unapoteza nguvu hiyo. Hebu tuambie, meza yenu ikoje?

Mwana_Chumbageni:
Subhanallah. Meza yetu ni mitaa ya Ngamiani! Nyumba za maboksi ya viatu, vichochoro vinapitisha sanamu mbili kwa shida.

Fundi_Makorora:
Basi kijana hakununua askari, alinunua vichochoro, na akavipata kwa nusu bei. Bombomu ni kinyume chake. Hapo kichochoroni anapoteza pointi 60 kwa kuangalia ukuta, lakini kwenye ufukwe ulio wazi 60 ni zawadi. Mpandishe komando hadi 30, na nusu ya meza ifanyeni uwanja. Msipange bei ya kitu kabla hamjajua meza itakavyokuwa.

Bi_Mikanjuni:
Naongezea, kaka. Hesabu inakufikisha karibu, kilichobaki unakipata kwa kucheza. Mkimaliza pambano moja, badilishaneni majeshi, mrudie meza ileile. Jeshi moja likishinda kwa mikono yote miwili, bei ndiyo yenye kasoro. Likishinda kwa mpwa wako peke yake, huyo anajua kucheza, mpeni heshima yake. Mkipandisha bei pandisheni kidogo kidogo, na kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hamtajua kipi kimeleta mabadiliko.

Na ile njia ya kugawana muhogo pale nyumbani: anayekata anachagua mwisho. Mmoja apange majeshi yote mawili, mwenzake achague analolitaka. Utaona mtu anavyopima kwa uangalifu.

Pointi zenyewe msizitupe. Age of Sigmar, mchezo wa vita vya mezani wa Kiingereza, ulipotoka 2015 haukuwa na pointi kabisa, wachezaji wakalalamika, na mwaka 2016 zikarudishwa. Lakini si lazima zitumike kila mahali. DBA, mchezo mwingine wa aina hiyo, hauna pointi, kila jeshi lina vipande 12, basi.

Mzee_wa_Raskazone:
Vijana, la Vita vya Tanga niachieni mimi. Msitafute pointi sawa, mtaiharibu. Vita ile ina maana kwa sababu haikuwa sawa.

Sanamu moja iwe watu 100. Mwingereza ana 80, Mjerumani 10. Msiwape wote bei moja. Jeshi la Waingereza, chini ya Jenerali Aitken, lilitoka Bombay katikati ya Oktoba, watu wamechoshwa na meli, na baadhi ya vikosi havikuwa na mafunzo ya kutosha. Hao warushe dadu kila wakipigwa. Wakishindwa, wanarudi nyuma. Vikosi vyao vya North Lancashire na Kashmir Rifles viacheni imara, vyenyewe viliingia mpaka mjini. Na wale askari Waafrika wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wapeni bei ya juu. Walifunzwa vizuri na walipigana vizuri, msiwafanye wa kujazia meza.

Halafu hesabuni muda. Meli ya kivita ya Waingereza, HMS Fox, ilifika tarehe 2 Novemba na kutoa taarifa, kwa hiyo hakuna aliyeshtukizwa. Mjerumani aanze na wachache, wengine waletwe na treni kutoka Moshi, zamu baada ya zamu. Ushindi usiwe kuua watu wengi: Mwingereza ashinde akishika stesheni kabla ya zamu ya nane. Akishindwa, anarudi melini kama walivyorudi tarehe 5.

Nyuki waliovamia askari kwenye vita ile msiwatoze pointi, si wa mtu. Risasi zikipigwa karibu na mizinga yao, rusheni dadu kujua wanamvamia nani.

Na mkimaliza, pitieni makaburi ya vita ile hapa mjini. Waliolala pale walikuwa watu.

Mwana_Chumbageni:
Shikamoo mzee wangu. Tutakwenda, in shaa Allah.

Mrejesho: Jumamosi tumecheza mara mbili, komando 30, nusu ya meza uwanja. Mpwa wangu alipata makomando 16 na askari wawili. Pambano la kwanza alifungwa, akiwa na watatu bado kichochoroni. Tukabadilishana majeshi, akanifunga kwa askari wa kawaida 50. Yule mwenzetu aliyesusa alikuja, akakaa mpaka magharibi.

Stesheni nimeanza kuikata kwenye boksi la sabuni. Mwenye kujua kitu kinachofaa kutengenezea mizinga midogo ya nyuki, ya kutundika mitini, anielekeze.