Naomba ushauri: niwaelezeje wazazi takwimu za mimba za utotoni?

Habari zenu wakuu. Nipo Tukuyu, mjumbe wa bodi ya shule ya kata. Kikao cha wazazi kimekaribia na mada ya mimba za utotoni nimeangushiwa mimi. Wazee wetu wana jibu moja tu: "watoto wa siku hizi wameharibiwa na simu." Sasa nikiangalia takwimu za taifa, mabinti wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au wenye mimba ya kwanza walikuwa asilimia 26 mwaka 2004/05, wakashuka hadi 23 mwaka 2010, wakapanda 27 mwaka 2015/16, kisha 22 mwaka 2022. Yaani simu zimejaa kila kona na asilimia imeshuka! Ila majirani zetu Songwe walikuwa 45, kwa hiyo sitaki watu watoke wakipiga makofi.

Nahofia nikianza na asilimia watasinzia. Nianzie wapi?

Halafu kuna baba mmoja hataki kabisa binti yake aliyejifungua arudi darasani, ingawa serikali iliruhusu tangu Novemba 2021. Anasema ni aibu (ya nani, sijui). Mliowahi kumlainisha mzazi wa namna hiyo, mlimpitia nani: mchungaji, shangazi wa binti, au mtendaji wa kata?