Naomba ushauri: mabomba ya kutolea hewa ya moto kwenye mashine za kukaushia nguo

Habari zenu wakuu. Nina dobi Sinza, Dar es Salaam, mashine 3 kubwa za kukaushia zinazotumia gesi. Fundi wa kwanza alizifungia mabomba ya foili, yale ya kukunjika, yote yakaingia kwenye bomba moja la inchi 6 linalotokea ukuta wa nyuma. Wiki iliyopita taulo zikawa zinachukua zaidi ya saa nzima kukauka. Nikafungua bomba moja: manyoya ya nguo yamejaa, makavu, yamegandamana kwenye kila mkunjo kama pamba ya godoro. Nilitetemeka. Cheche moja tu, na juu yetu kuna familia inaishi.

Nimezima zote. Safari hii ni bomba gumu la bati, lisilo na skrubu zinazotokeza ndani maana hunasa manyoya, kona chache, na mdomo wa nje usiwekwe wavu. Hayo sina shaka nayo.

Ninapokwama: fundi mpya anataka tubaki na bomba moja, ila lipanuke kila mashine inapoingia. Mimi naona heri kila mashine na bomba lake, hata kama ukuta utatobolewa mara 3. Nahofia moshi wa gesi kurudi ndani kupitia mashine iliyozimwa, na kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayoweza kuwemo kwenye moshi huo, haina harufu.

Mliowahi kufunga, mliamuaje? Na tundu la kuingizia hewa safi mliliweka la ukubwa gani? Chumba changu ni mita 4 kwa 5, kina mlango mmoja tu.