Mmesoma nini hivi karibuni? Vitabu na majarida yaliyowakalisha kitako

Msomaji wa Usiku:
Ndugu wasomaji, nawasalimu. Kwa miezi kadhaa nimejiwekea sharti la kusoma Kiswahili kitupu, na kitabu kilichonikalisha kitako kuliko vyote ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nilipoisoma kwa Kiingereza zamani, maneno yetu yalikuwa humo kama wageni waliokaribishwa barazani wasiingizwe ndani. Safari hii wamo nyumbani kwao. Pale Khalil anapomkanya Yusuf asimwite Aziz kwa jina la undugu, kwa kuwa mtu huyo ni mfanyabiashara tu aliyemchukua mtoto kwa sababu ya deni la baba yake, nilihisi ukali ambao Kiingereza hakikunipa, maana kwetu jina la undugu halitolewi ovyo.

Nimerudia pia Nagona ya Kezilahabi (1990), kitabu chembamba nilichokisoma mara mbili na bado sithubutu kusema nimekielewa. Kwa majarida sina la kujivunia, isipokuwa nakala moja ya Sani, jarida la katuni, niliyoinunua kwa wauza vitabu vilivyotumika, pini zake zimeshika kutu, na mhusika wake Lodi Lofa bado ananivunja mbavu. Je, ninyi mnasoma nini, na lipo jarida la Kiswahili la kufuatwa toleo hadi toleo?

Bi Mwana wa Shangani:
Ndugu yangu, baada ya Peponi chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Wengi siku hizi wanaijua kwa filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, lakini kitabu kina nafasi ya kumtazama kwa utulivu Yasmin, binti wa miaka 15 aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Wahakiki humsifu mhusika mwingine, Denge, kwa siasa zake dhidi ya Waingereza. Mimi naona mwenye riwaya ile ni Mwajuma, anayempokea Yasmin kule Ng'ambo, mtaa wa mjini Zanzibar, jamaa zake wanapomkataa.

Mwalimu Mstaafu:
Usijitese na Nagona peke yake. Isome pamoja na Mzingile (1991) ya Kezilahabi huyo huyo, kwa sababu riwaya hizo mbili zinaitikiana, na usizisome ukitafuta kisa chenye mwanzo na mwisho kama cha Rosa Mistika, riwaya yake ya awali. Kuhusu majarida, Swahili Forum hupatikana bure mtandaoni, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kiswahili na Mulika. Hayo, hata hivyo, ni ya wanazuoni, na makala zake nyingine zinahitaji kahawa kali. Jarida la hadithi, la kununuliwa kibandani pamoja na gazeti, sina la kukupendekezea, kwa hiyo itunze Sani yako na usiione haya.

Msomaji wa Usiku:
Ahsante Bi Mwana, na shikamoo Mwalimu. Vuta N'kuvute nimeazimwa jana. Ni nakala iliyopita kwa mwanafunzi fulani, aliyepiga mistari ya wino mwekundu na kuandika "dhamira" pembeni kila Bwana Raza anapotokea. Wino wenyewe unaishia ukurasa wa arobaini.